Starlet Yangu ya Breki Tatu

Mara ya mwisho niliwaacha nimesimama mbele ya ubao wa matangazo wa ofisi ya kata, nasoma kwa kuunganisha herufi mojamoja. Mimi ni mtu wa darasa la nne. Lakini jina langu nalijua hata likiandikwa na adui.

KORNELIO SHEMBOZA. GARI LAKE LIKAGULIWE JUMATANO. LIKISHINDWA LISIBEBE MTU WALA MZIGO.

Wewe unayeanza leo, nikupe habari upesi. Mimi ni fundi, tena dereva, wa Kwemhafa, huko juu ukiipita Lukozi, ambako karoti ni nyingi kuliko watu. Mke wangu Raheli alifariki Mei mwaka jana, mvua za masika, ndani ya gari langu, njiani kwenda hospitali. Nimebaki na binti yetu Esteria. Na Bwana Sharifu ndiye Mtendaji wa kata. Siku Raheli anaugua, gari la zahanati lilikuwa limekaa juu ya mawe, halina tairi hata moja. Miezi minne tuliambiwa tairi zinakuja. Mpaka leo zinakuja.

Wiki saba nimeandika hapa gazetini kwamba wakubwa ndio waliomuua mke wangu. Sifuti hata neno. Ila leo kuna neno naliongeza, na atakayetaka kunitukana amalize kwanza kusoma.

Starlet yangu ni ya zamani, Esteria anaiamkia. Wajapani waliitengeneza iende sokoni kwenye lami, imbebe mama mmoja na kikapu chake. Mimi nimeifanya mbuzi. Mbele nimeinyanyua inchi mbili kwa spesa, vipande vya kuinulia springi, nilizochongesha Mombo. Nyuma nimetoa springi zake, nikaweka za gari kubwa. Chini ya injini nimechomelea bamba la chuma, mawe yagonge bamba, yaiache sampo ya oili. Kiti cha nyuma nimekifanya kinalala, mgonjwa anajinyoosha.

Wagonjwa nawashusha bure. Kabichi ndizo zinalipa mafuta. Starlet ikifungiwa, mgonjwa wa Kwemhafa atashuka kwa machela, na mimi nitakula mawe. Hilo ndilo lilikuwa mezani Jumatano ile.

Asubuhi Esteria alinikuta nafuta kioo. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani.

"Baba, leo usitukane."

"Mimi sijawahi kumtukana mtu. Nasema ukweli kwa sauti."

"Basi leo useme kwa sauti ndogo. Watu wote wa gulio wako upande wetu. Ukimtukana Mtendaji atapata sababu."

"Sababu anayo tangu nilipomtaja gazetini."

"Na mimi nitamtaja mbele ya watu," alisema. "Leo nitamwambia mama alikufaje. Atasikia kwa mdomo wangu."

Niliendelea kufuta kioo kilichokuwa kisafi.

Nilifika mapema gulioni, ambako ukaguzi ulipangwa, nikaegesha. Niliegesha ubavu wa kulia ukagusana na ukingo wa udongo, hata panya asipite. Hamisi, mwenye duka la vifaa, jirani yangu wa miaka mingi na mtani wangu, alitoka na kikombe cha chai mkononi.

"Mghoshi, mwanaume mzima, mbona umeegesha kama unaficha mchumba?"

"Kunywa chai yako, Hamisi."

"Nakunywa. Lakini gari ya ukaguzi inaegeshwa uwanjani, izungukwe kama ng'ombe wa mahari."

Nilimgeuzia mgongo. Siku nyingine ningemjibu, tukacheka.

Saa nne Sharifu aliteremka kwenye pikapu yake, viatu vinang'aa. Nyuma yake akateremka mkaguzi. Nilikuwa nimejiandaa kumpokea mzee mwenye kitambi, mtu wa kumtukana kwa raha. Akateremka binti wa miaka kama thelathini, ushungi umekaa sawa, ovaroli ina madoa ya grisi ya kweli, sanduku la spana amelibeba mwenyewe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye umetumwa kuja kunifungia?"

"Naitwa Latifa. Nimetumwa kukagua. Kufungiwa au kutofungiwa, hilo gari lenyewe litasema."

"Gari halina mdomo. Wenye mdomo ni hao waliokuleta."

"Mzee Kornelio," Sharifu aliingilia, "mheshimu mtaalamu."

"Mtendaji, mtaalamu nimemheshimu. Wewe ndiye bado."

Watu wakacheka. Esteria akanivuta shati. Latifa hakucheka wala hakununa. Alitandika gunia chini, akalala chali, akaingia uvunguni mwa Starlet mpaka zikabaki buti tu.

Tukasubiri. Wanawake waliacha karoti zao kwenye maturubai, wakasogea. Sharifu alikuwa anatazama saa.

Sauti ikatoka chini. "Spesa hizi amezichonga nani?"

"Mimi nimechora, Mombo wamechonga."

"Za chuma tupu. Zimekaa vizuri. Wengi nawakuta wameweka vipande vya mbao." Akagonga chuma kwa spana. "Na hili bamba, hii kazi ya kuchomelea ni yako?"

"Ni yangu."

"Ni safi."

Mtu mmoja akapiga kigelegele. Kichwa changu kikakua. Nilimtazama Sharifu nikaona taya zinacheza. Wewe msomaji ungekuwa mimi ungenyamaza? Mimi sikunyamaza.

"Jamani, mmesikia? Safi! Si maneno yangu. Mtu wa darasa la nne anachomelea bamba, mtu wa digrii anashindwa kununua tairi nne!"

Gulio likalipuka. Esteria mwenyewe alicheka. Ndiyo mara ya mwisho nilimwona anacheka.

Latifa alitoka uvunguni, akajipangusa. Akaweka jeki upande wa kushoto. Akamwomba Esteria akae kwenye usukani, yeye atamwambia lini akanyage breki. Kazi yake ilikuwa rahisi, hata mtoto angeielewa. Ananyanyua gurudumu, analizungusha kwa mkono, anasema "kanyaga". Likisimama, breki ipo.

Kushoto mbele, likasimama. Kushoto nyuma, likasimama.

"Haya, tuje kulia. Mzee, lisogeze kidogo, hapa jeki haiingii."

"Haliwaki," nilisema. "Betri."

Esteria akainamia dirisha la kushoto. "Baba, si limekuja likiwaka?"

"Limekuja. Sasa limekufa. Betri haipigi hodi ikifa."

Nilidhani nimeshinda. Ningesema twende nikaazime betri, betri ingechelewa, jua lingezama, na mkaguzi alikuwa na safari ya kurudi. Ndiyo hesabu niliyoipiga tangu alfajiri, nawaambia bila aibu. Niliyemsahau ni Hamisi.

"Betri kitu gani!" alipiga makofi. "Jamani, hili gari limewashusha wangapi hapa? Njooni tulisukume!"

Wakaja. Yule bibi niliyemshusha na presha mwezi wa kumi, akaja. Baba wa yule mtoto aliyeungua kwa uji, akaja. Mama niliyemkimbiza na uchungu, mtoto akazaliwa pale Soni kabla hatujafika hospitali aliyoandikiwa, akaja na mtoto mwenyewe mgongoni. Wakasukuma wanaimba. Nilibaki nimesimama nashikilia mlango, nawaambia "taratibu, taratibu", na wao wakadhani naogopa rangi isichunike.

Starlet ikakaa katikati ya uwanja. Uchi.

Kulia mbele, Latifa alizungusha. "Kanyaga." Likasimama.

Kulia nyuma, alizungusha. "Kanyaga."

Gurudumu likaendelea kuzunguka.

"Dada, nimesema kanyaga."

"Nimekanyaga!"

"Kanyaga tena."

"Nimekaza mpaka goti linauma!"

Latifa alilisukuma kwa kidole kimoja. Lilizunguka kama feni. Uimbaji ukakatika, ukabaki mlio wa beringi tu.

"Ahaa," alisema Sharifu taratibu. "Mwandishi wetu wa gazeti."

Latifa alifungua tairi, akachungulia nyuma ya bamba la breki. Alikaa pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akaniita peke yangu, kwa sauti ya chini.

"Mzee. Njoo."

Nilikwenda. Sikuhitaji kuchungulia.

Nyie msiojua ufundi, niwaeleze. Kila gurudumu lina kasilinda kake kadogo kanakosukuma breki kwa mafuta. Kakichakaa, kanavuja. Kakivuja, mafuta yote yanakwisha na breki zote zinakufa. Sasa huku kwetu kifaa kikikosekana, fundi anachomoa ile paipu nyembamba inayoleta mafuta, anaikunja mara mbili, anaipiga nyundo mpaka inaziba. Gurudumu lile linakosa breki, matatu yaliyobaki yanakuwa nayo. Unaambiwa ni kwa muda, mpaka kifaa kije.

Na msinikodolee macho. Nusu ya magari mnayopanda kila siku yana paipu imekunjwa mahali, na hamjui. Barabara yetu inakula breki kwa sababu haijapitishwa greda tangu uchaguzi. Kifaa nilikitafuta Soni, nikakitafuta Mombo, nikachoka. Kila fundi wa milima hii amewahi kukunja paipu. Anayebisha aje anioneshe mikono yake.

"Hii ni ya lini?" Latifa aliuliza.

Esteria alikuwa ameshateremka, amesimama nyuma yangu. Sharifu naye amesogea, na gulio zima nyuma ya Sharifu.

"Mwezi uliopita," nilisema.

Latifa alitoa fomu yake. "Kama ni mwezi uliopita, sikufungii. Naandika dosari moja, nakupa wiki mbili. Ukiweka silinda na paipu mpya nakuja napima, unapata kibali. Kazi yako nyingine yote ni nzuri, mzee. Nasema kweli."

Esteria akamgeukia Sharifu. "Umesikia, Mtendaji? Wiki mbili! Baba yangu amepewa wiki mbili, na nyie mlipewa miezi minne ya kununua tairi mkashindwa. Mama yangu alikufa kwa sababu yenu. Nilisema nitakuambia usoni, nimekuambia."

Watu wakaitikia. Sharifu akatazama viatu vyake. Mimi nilikuwa nimeshinda mara ya pili siku moja, na mara hii kwa uongo wa maneno mawili.

Latifa alikuwa anaifuta ile paipu kwa tambara, apate kuandika saizi yake. Akafuta. Akasita. Akafuta tena.

"Mbona hapa pana rangi?"

Hakumuuliza mtu. Alikuwa anajisemea kama fundi anavyojisemea.

"Rangi ya kijani imepita juu ya mkunjo," alisema. "Haijapasuka. Paipu ingekunjwa baada ya kupakwa, rangi ingepasuka hapa. Ilikunjwa kwanza, ikapakwa baadaye."

Sharifu aliinua kichwa. Kusoma amesoma yule mtu, hilo simnyimi.

"Mzee Kornelio, gari hili lilipakwa rangi lini?"

Nilifungua mdomo. Kabla sijajua nitasema nini, Hamisi, rafiki yangu, mtu mwenye moyo mweupe kuliko wote gulioni, akanisaidia.

"Aa, hiyo rangi si imetoka kwangu! Pasaka ya mwaka jana. Marehemu Raheli alikuja mwenyewe kuichagua, kijani cha majani ya chai. Alisema, 'Hamisi, tupe ya kutosha, tunapaka mpaka uvunguni, mtu haogi uso peke yake.' Tulicheka siku hiyo! Hii rangi ni ya mwaka na zaidi, dada mkaguzi, na haijapauka. Mimi siuzi rangi mbovu."

Alikuwa bado anatabasamu alipoona kwamba hakuna mwingine anayetabasamu.

Pasaka. Raheli tulimzika Mei. Hata wa darasa la nne anaijua hiyo hesabu.

Mimi wiki zote hizi niliwaandikia kwamba tope ndilo lililotuchelewesha siku ile. Tope lilikuwepo, sikudanganya. Lakini nimeshuka kwenye tope mara mia, kila safari saa moja. Siku ile nilitumia saa mbili na nusu, kwa sababu mteremko wote nilishuka kwa gia namba moja, mguu haubanduki juu ya breki tatu. Niliogopa kona. Niliogopa kumwaga mgonjwa wangu korongoni.

Alikuwa amelala kwenye kile kiti cha nyuma nilichokitengeneza. Presha imempanda, ulimi mzito, lakini akili yake ilikuwa nzima.

"Baba Esteria, mbona tunatambaa?"

"Barabara inateleza, Mama Esteria. Vumilia."

Alipokata roho tulikuwa tumeshaiona lami. Daktari alisema kufika saa moja mapema kungetosha kumuokoa. Hilo nalo sikuwaandikia.

Sasa uwanjani, Esteria hakulia wala hakupiga kelele. Aliuliza kama mtu anayeuliza bei.

"Baba, ulipomshusha mama, ulikuwa unajua kwamba breki ni tatu?"

Nilimgeukia Sharifu. Mkono wangu ulinyooka wenyewe. "Tairi nne za gari la zahanati ziko wapi? Nani alizila? Kama gari lile lingekuwa na miguu, mimi ningemshusha mke wangu kwa hili?"

"Sikumuuliza Mtendaji," Esteria alisema. "Nakuuliza wewe."

Ningeweza kusema hapana. Fundi ana uongo mwingi wa kusema. Ningesema alikunja kijana fulani nikiwa sipo, ningesema nilisahau. Na ninyi mngeendelea kunisoma na kunionea huruma, na Sharifu angebaki mbaya peke yake, kama anavyostahili.

"Nilijua," nilisema. "Niliikunja kwa mkono huu Februari. Nikasema kifaa kikija. Kifaa hakikuja, na mimi nikazoea."

Bibi mmoja akasema "Yesu wangu" kwa sauti ndogo. Hamisi aliweka kikombe chake chini. Mimi sikuinamisha kichwa. Nilimtazama Sharifu machoni, nikamwambia: "Haya, umefurahi. Andika. Lakini andika na tairi zako, kwenye karatasi hiyohiyo. Kama mimi nimeua nusu, nusu ni yako."

Nilitegemea acheke. Wala hakucheka. Alikuwa anamtazama binti yangu.

Esteria alikuwa ameegemea Starlet, kiganja kipo juu ya bati.

"Na mama alijua," alisema.

"Nani alimwambia?"

"Wewe fundi unadhani mkeo hana masikio? Ulikuwa unapiga nyundo uani kwake. Alijua paipu ipi na gurudumu lipi. Asubuhi ile, wewe ukiwa unapakua kabichi kwenye gari, aliniita kitandani. Akaniambia, 'Esteria, kimbia kwa Mtendaji, kaombe pikapu yake. Gari la baba yako halitaniwahisha.'"

Mbuzi wa mnada tuliwasikia wanatafuna.

"Nilikwenda," aliendelea. "Nilifika mpaka langoni. Pikapu ilikuwepo. Nilishika komeo la lango, nikakumbuka ulivyoapa mezani kwamba mtu wa nyumba yako akionekana langoni kwa Sharifu asirudi kwako. Nikarudi. Nikamwambia mama Mtendaji amekataa."

Sharifu alivua kofia. Miaka kumi na moja ya kugombana naye, sijawahi kumwona akiivua. Alikuwa ametoa macho kama mtu aliyeitwa kwa jina gizani.

"Sikuombwa," alisema mwishowe. Hakumwambia mtu yeyote. "Wallahi, mimi siku ile sikuombwa. Ningempeleka."

"Najua," Esteria alisema. "Wiki saba baba anaandika gazetini na mimi ndiye ninayemsomea kabla hajatuma. Kila wiki nasoma kwamba mlimnyima mama gari. Kila wiki nasema, wiki ijayo nitamwambia."

Nilimwita jina. Hakunigeukia. Alimwendea Latifa, ambaye alikuwa bado amechuchumaa pale kwenye gurudumu na fomu juu ya goti, binti wa watu aliyekuja kupima breki tu.

"Dada, umesema gari lenyewe litasema. Limeshasema. Sasa andika na dosari za watu. Siyo baba peke yake."

Latifa aliishika kalamu. Akamtazama yeye, akanitazama mimi, akamtazama Sharifu aliyekuwa anakuja na kofia yake mkononi kama mtu naye ana lake la kuandikwa.

"Fomu hii ina mistari mitatu tu," alisema. "Naanza na nani?"